Opera ya Marekani imekulia chuoni

Kila muhula, katika vyuo vikuu vya Marekani vyenye shule za muziki, hupangwa jioni moja ambayo magazeti ya miji mikubwa huipita bila kuiandika. Wanafunzi wa uimbaji hupanda jukwaani na kuigiza opera mbili au tatu fupi. Moja huchukua dakika 10, nyingine 25, nyingine 45 hivi, na zote zimetungwa Marekani katika miaka 100 hii ya karibuni. Wapigaji wa ala ni wachache, na pengine ni mpiga piano peke yake. Mapambo ya jukwaa ni meza, viti vinne na taa. Mashabiki waliozoea Verdi na Wagner, yaani saa tatu au nne za muziki na kwaya ya watu 80, huitazama jioni hiyo kwa jicho la huruma, kana kwamba vijana wanajinoa tu kabla ya kuingia kwenye kazi yenyewe. Makala haya yanadai kinyume. Opera ya Kimarekani, kwa maana ya tamthilia inayoimbwa kwa Kiingereza kuhusu maisha ya Wamarekani wenyewe, haikutoka kwenye majumba makubwa ya New York ikashushwa vyuoni iwe zoezi. Imekulia vyuoni, umbo lake limetokana na hali ya vyuo, na programu ya chuo inayopanga opera fupi za kisasa inafanya kazi kamili ya sanaa ambayo inastahili kupimwa kwa kipimo cha sanaa.

Tuanze na maonyesho ya kwanza, maana tarehe hazina upendeleo. Aprili 1, 1937, Curtis Institute of Music, shule ya muziki ya Philadelphia, ilionyesha Amelia al Ballo, opera ya kitendo kimoja ya Gian Carlo Menotti, kijana wa Kiitaliano wa miaka 25 aliyekuwa amesoma hapohapo. Mwezi huohuo, jijini New York, wanafunzi wa shule ya muziki ya Henry Street Settlement walifungua The Second Hurricane ya Aaron Copland, iliyotungwa makusudi kwa vijana wa sekondari, na aliyewaelekeza jukwaani ni Orson Welles akiwa na miaka 21. Mwaka 1941 Chuo Kikuu cha Columbia kilionyesha Paul Bunyan, kazi ya Waingereza wawili waliokuwa wakiishi Marekani, mtunzi Benjamin Britten na mshairi W. H. Auden. Columbia haikuishia hapo. Mei 1946 ikatoa The Medium ya Menotti, na Mei 1947 The Mother of Us All, ambayo Virgil Thomson na Gertrude Stein waliitunga kuhusu Susan B. Anthony na harakati za wanawake kudai kura. Huko Bloomington, Chuo Kikuu cha Indiana kilifungua Down in the Valley ya Kurt Weill Julai 1948, kisha The Jumping Frog of Calaveras County ya Lukas Foss Mei 1950. Leonard Bernstein alizindua Trouble in Tahiti katika Chuo Kikuu cha Brandeis, karibu na Boston, Juni 1952. Susannah ya Carlisle Floyd ilianzia Chuo Kikuu cha Jimbo la Florida, mjini Tallahassee, Februari 1955. Mtu akizifuta kazi hizi kwenye historia ya opera ya Marekani, pengo litakalobaki katikati ya karne ya 20 haliwezi kuzibwa na Porgy and Bess ya Gershwin peke yake.

Kwa nini iwe chuoni? Jibu la kwanza ni fedha, nalo si jibu la kuonea haya. Metropolitan Opera ya New York ilifunguliwa mwaka 1883, na ilikaa miaka 27 bila kuonyesha hata opera moja ya mtunzi Mmarekani. Ilipoionyesha, mwaka 1910, ilichagua The Pipe of Desire ya Frederick Converse, opera ya kitendo kimoja ambayo Boston ilikwisha kuiona mwaka 1906. Jumba lake la sasa lina viti takriban 3,800. Anayesimamia ukumbi wa ukubwa huo, mwenye okestra, kwaya, mafundi seremala na washonaji wa maleba wanaongoja mshahara, huwaza viti vitupu kabla ya kuwaza jambo lingine lolote, na Carmen ikijaza ukumbi ataipanga Carmen. Chuo hakiishi kwa tiketi. Walimu wanalipwa mishahara kwa vyovyote vile, wanafunzi wanahitaji jukwaa ili wahitimu, na ukumbi upo. Hasara ya onyesho lililoharibika chuoni ni somo, na kwenye jumba kubwa ni deni. Columbia ilikuwa pia na Mfuko wa Alice M. Ditson, ulioanzishwa mwaka 1940 kwa wasia wa mjane wa mchapishaji wa muziki, na fedha za mfuko huo ndizo zilizowaagiza Menotti na Thomson watunge. Vita vilipokwisha, sheria ya mwaka 1944 ya kuwasomesha askari waliorudi nyumbani ilivijaza vyuo wanafunzi watu wazima, wanaume wenye sauti zilizokomaa, na shule za muziki zikapanuka. Indiana ilianza msimu wake wa opera mwaka 1948 chini ya mkuu wa shule Wilfred Bain, na haijaacha hadi leo.

Lakini fedha zinaeleza mahali tu. Hazielezi umbo, na umbo ndilo kiini cha hoja yangu. Kurt Weill hakufika Bloomington akiwa mgeni wa kazi ya namna hii. Kabla ya kuikimbia Ujerumani ya Wanazi mwaka 1933 alikuwa ametunga Der Jasager, opera ya shule iliyoimbwa na vijana huko Berlin mwaka 1930 kwa maneno ya Bertolt Brecht. Alipohamia Marekani aliuchukua ufundi uleule akautia ndani ya nyimbo za kienyeji za milimani. Down in the Valley inamfuata kijana Brack Weaver, aliyehukumiwa kunyongwa, akitoroka gerezani ili aupate usiku mmoja wa mwisho na mpenzi wake Jennie. Opera nzima haifiki saa moja. Mapambo hayahitajiki, na muziki umepangwa ili waimbaji wasio wa kulipwa waumudu bila kuudhalilisha. Weill alikuwa na uwezo wa kutunga kazi kubwa. Mwaka mmoja tu kabla alikuwa na Street Scene kwenye Broadway. Ufupi wa Down in the Valley ni uamuzi wa fundi anayejua anamtungia nani, na kila alichokipunguza alikipunguza kwa hesabu.

Menotti alikwenda mbali zaidi. The Medium inahitaji wapigaji 14. Katika chumba kimoja chenye giza, Madame Flora, mwanamke mlevi anayejipatia riziki kwa kuwadanganya wazazi waliofiwa kwamba anazungumza na watoto wao, anahisi mkono baridi ukimshika koo. Hajui ni nani. Tangu hapo hofu inamla mpaka anampiga risasi kijana bubu aliyemlea, Toby. Mtunzi wa opera anayemweka bubu katikati ya hadithi anajua anachokifanya: kila mtu jukwaani anaimba isipokuwa yule ambaye ukweli wake tunauhitaji zaidi. Okestra ya watu 80 ingeifunika hofu hiyo, wapigaji 14 wanaisogeza mpaka kwenye sikio la msikilizaji. Menotti akaitungia kitangulizi cha kuchekesha, The Telephone, chenye waimbaji wawili tu. Ben amekuja kumposa Lucy, lakini kila akifungua kinywa simu inalia, na Lucy hawezi kuiacha. Mwishowe Ben anatoka nje, anampigia simu, na posa inakubaliwa kwenye waya. Opera hizo mbili zilihamia Broadway mwaka 1947, zikaonyeshwa zaidi ya mara 200 kwa watu walionunua tiketi kama wanavyonunua za mchezo wowote. Tukumbuke kwamba kubwa kati yake ilitoka kwenye ukumbi wa chuo miezi 12 tu kabla.

Trouble in Tahiti inastahili tukae nayo kidogo, kwa sababu inajibu swali ambalo majumba makubwa yaliliahirisha kwa vizazi: je, mume na mke wa kawaida wa Marekani, wenye nyumba pembezoni mwa mji, gari na mtoto shuleni, wanaweza kuwa watu wa opera? Bernstein aliandika muziki na maneno mwenyewe. Sam na Dinah wanaanza siku kwa ugomvi mezani. Mtoto wao ana mchezo shuleni jioni hiyo. Baba hatakwenda kwa sababu ana mashindano, na mama naye hatakwenda. Adhuhuri wanakutana barabarani kwa bahati, na kila mmoja anamdanganya mwenzake kwamba ana miadi ya chakula na mtu mwingine. Wanapita. Usiku wanajaribu kuzungumza, wanashindwa, na wanakwenda sinema kuangalia filamu ambayo Dinah amekwisha kuiona na kuicheka. Waimbaji watatu wa mtindo wa jazi wanazunguka pembeni wakisifu maisha mazuri ya vitongoji kwa sauti za matangazo ya redio. Huyo mtoto hatumwoni hata mara moja, na huko kutoonekana ndiko kunakouma. Dakika 45 hivi, waimbaji watano. Hakuna anayekufa, hakuna upanga wala kifua kikuu, na huzuni yake ni nzito kuliko ya opera nyingi zenye maiti tatu.

Na yote hayo yanaimbwa kwa lugha ya waliokaa ukumbini. Waswahili wamesema mcheza kwao hutunzwa, na ni kweli pia kwamba mcheza kwao hukaguliwa vikali zaidi. Mwanafunzi wa Ohio anayeimba Kiitaliano mbele ya watu wa Ohio anaweza kuificha konsonanti aliyoimeza na hisia ambayo hakuielewa, kwa kuwa hadhira inasoma tafsiri juu ya jukwaa na kusamehe. Akiimba ugomvi wa Sam na Dinah hana pa kujificha. Neno likipotea, mzaha umepotea. Akiigiza uongo, mama yake aliyeketi safu ya tano atauona.

Pingamizi la kwanza ninalolisikia kutoka kwa watu wenye ujuzi ni kwamba vitu hivi ni vyepesi mno, kwamba dakika tisa haziwezi kubeba uzito wa sanaa. Dakika tisa hasa, kwa sababu ndizo zinazotumiwa na A Hand of Bridge ya Samuel Barber, iliyofunguliwa Spoleto, Italia, mwaka 1959 kwa maneno ya Menotti, na inayopendwa mno vyuoni. Mabwana wawili na wake zao wanacheza karata. Wanataja karata zao kwa sauti moja kavu, kisha mchezo unasimama na kila mmoja anaimba yaliyo moyoni. Sally anataka kofia ya manyoya ya tausi. Mumewe Bill anamwaza hawara. David anaota utajiri wa bosi wake. Geraldine anamfikiria mama yake anayekufa, ambaye ameanza kumpenda wakati umekwisha. Hakuna anayemsikia mwenzake, na karata zinaendelea. Barber angeweza kuongeza sehemu ya pili ambamo siri zinafichuka na mlango unabamizwa. Angeiua kazi yake, kwa sababu jambo analolisema ni kwamba siri hizo hazitafichuka kamwe, na watu hao wanne wataketi mezani hapo wiki ijayo. Hakuna anayeidharau hadithi fupi nzuri kwa sababu si riwaya, wala shairi la beti nne kwa sababu si utenzi. Kwenye opera tu ndiko urefu umegeuzwa kuwa heshima, nami sioni sababu yake nyingine isipokuwa mazoea.

Pingamizi la pili lina nguvu zaidi. Mwanafunzi analipa karo kubwa ili apate kazi, na kazi ziko kwa Mozart, Verdi na Puccini. Anayemfundisha Barber badala ya Mozart, wanasema, anamwibia. Ningekubali kama sauti ya binadamu ingekuwa tayari akiwa na miaka 20. Haiko tayari. Mwimbaji wa opera haimbi kwa maikrofoni. Sauti yake inapita juu ya okestra kwa ufundi wa pumzi na mwangwi wa kichwa na kifua, na sauti nzito, za kike na za kiume, mara nyingi hazikomai kabla ya miaka 30. Kijana anayelazimishwa kushindana na okestra kubwa ya Puccini hujifunza kusukuma koo, na kuiondoa tabia hiyo huchukua miaka, ikiwa itaondoka. Okestra ya watu 14 inampa nafasi ya kuimba kwa sauti aliyonayo. Mozart mwenyewe anabaki mwalimu bora, na hakuna programu inayojiheshimu inayomwacha. Hoja yangu ni kwamba opera fupi ya kisasa inafundisha asichokifundisha Mozart. Inamtaka mwanafunzi asome nota ambazo hajawahi kuzisikia zikiimbwa na mabingwa, ahesabu vipimo vinavyobadilika kila mstari, atafute noti yake bila piano kumtangulizia. Majumba ya opera ya Marekani leo yanaagiza kazi mpya mfululizo, na katika majaribio ya kuajiri yanataka aria za lugha kadhaa, Kiingereza kikiwamo. Kijana aliyewahi kujenga mhusika asiye na kielelezo anaingia kwenye chumba cha majaribio hayo na silaha ambayo mwenzake hana.

Kuna pia hesabu ya nafasi, ambayo walimu wanaijua hata kama watazamaji hawaijui. Opera moja ndefu humpa mwanafunzi mmoja jukumu la kukumbukwa na kuwaacha wengine 30 wakibeba mishumaa kwenye kwaya. Jioni ya opera tatu fupi inatoa majukumu makuu kumi au zaidi. Wanawake katika shule za uimbaji huwa wengi kuliko wanaume, huku opera za karne ya 19 zikijaa majemadari na makuhani. The Old Maid and the Thief, ambayo Menotti aliitungia redio ya NBC mwaka 1939, ina wanawake watatu na mwanamume mmoja. Amahl and the Night Visitors, iliyoimbwa kwenye televisheni ya NBC mkesha wa Krismasi 1951 na kupata onyesho lake la kwanza la jukwaani Indiana miezi miwili baadaye, imesimama juu ya mama na mtoto. Huu ni mgao wa haki kwa watu waliolipa karo ileile.

Pingamizi la tatu naliunga mkono mwenyewe, na hapa programu nyingi zina la kujibu. Kinachoitwa cha kisasa mara nyingi ni cha mwaka 1947. Menotti, Barber, Bernstein, kisha Menotti tena. Mwanafunzi anahitimu akidhani utunzi wa Marekani ulisimama wakati wa Rais Eisenhower. Visingizio vipo. Kazi zenye hakimiliki hulipiwa, nota za okestra hukodiwa kwa mchapishaji, wakati Mozart ni wa bure. Kazi mpya haina rekodi ya kuwatuliza wazazi na mkuu wa shule. Hata hivyo mlango uko wazi kuliko wakati wowote. Tangu mwaka 2012 Washington National Opera ina mpango wa kuwaagiza watunzi vijana opera za dakika 20, na kazi za ukubwa huo zinakaa chuoni bila kubadilishwa hata kiti. Indiana haikutosheka na kurudia vya zamani: ilishirikiana na majumba ya opera ya Santa Fe na Seattle kuizindua opera ya Mason Bates kuhusu Steve Jobs, na mwaka 2018 wanafunzi wake wakaiimba kwenye jukwaa lao, mwaka mmoja tu baada ya Santa Fe. Chuo kinachosema kazi mpya haiwezekani kinasema kimechagua kutoifanya.

Uchaguzi huo ni mzito zaidi tunapofika kwa watunzi Weusi, na hapa vyuo vina sifa na aibu kwa pamoja. Susannah, hadithi ya msichana wa Tennessee anayehukumiwa na wazee wa kanisa kwa dhambi ambayo hakuitenda, ilifunguliwa mwaka 1955 katika chuo ambacho hakikumpokea mwanafunzi Mweusi hadi 1962. Opera inayolaani hukumu ya kundi dhidi ya mtu mmoja iliimbwa ndani ya kuta zilizowafungia wengine nje, na hilo lazima lisemwe kila Tallahassee inapotajwa kwa fahari. Metropolitan Opera nayo iliionyesha Susannah mwaka 1999, miaka 44 baadaye, na ikangoja hadi Septemba 2021 kuonyesha opera ya mtunzi Mweusi, Fire Shut Up in My Bones ya Terence Blanchard. Jumba hilo lilikuwa na umri wa miaka 138. Kwa muda huo wote kazi zilikuwapo. Scott Joplin alichapisha Treemonisha mwaka 1911 kwa fedha zake, akafa mwaka 1917 bila kuiona ikipewa onyesho kamili. Ilionyeshwa Atlanta Januari 1972, na Chuo cha Morehouse, chuo cha kihistoria cha vijana Weusi, kilikuwa miongoni mwa walioibeba. Huko Mississippi, vyuo vya Jackson State, Tougaloo na Utica viliungana mwaka 1970 kuunda Opera/South, na mwaka 1974 vikafungua A Bayou Legend ya William Grant Still, iliyokuwa imekaa kabatini tangu 1941. Mwaka 1976 vikaongeza Jubilee ya Ulysses Kay. Vyuo vya jimbo maskini, katika muongo uleule uliofuata mapambano ya haki za raia, vilithubutu pale ambapo majumba makubwa ya opera ya New York, ukiacha New York City Opera na Troubled Island ya Still mwaka 1949, hayakuthubutu.

Kazi ya Still ambayo ningependa kuiona kwenye kila programu ni Highway 1, U.S.A. Inachukua kama saa moja, kwa maneno ya mkewe Verna Arvey. Bob na Mary wana kituo cha mafuta kando ya barabara kuu. Bob alimwahidi mama yake aliyekuwa akifa kwamba atamsomesha mdogo wake Nate, na ameitimiza ahadi hiyo kwa jasho la miaka, huku ndoto zake na za mkewe zikingoja. Nate amehitimu. Hafanyi kazi, analala mchana, anawadharau waliomlipia karo, na anamtaka shemeji yake. Mary anapomkataa, anamchoma kisu, na Bob anajitwika kosa lile kama alivyojitwika mengine yote, mpaka Mary anapozinduka na kusema ukweli. Familia ngapi za Afrika Mashariki zinamjua Nate wao, na Bob wao? Opera hii ilifunguliwa Chuo Kikuu cha Miami Mei 1963, chuo kilichokuwa kimeanza kupokea wanafunzi Weusi miaka miwili tu kabla. Opera Theatre of Saint Louis iliiimba mwaka 2021, na Los Angeles Opera ikafuata mwaka 2024, miaka 61 baada ya Miami. Muziki wake hauvunji sauti changa, wahusika wake wakuu ni watatu, na mapambo yake ni sebule kando ya kituo cha mafuta. Hakuna shule ya muziki Marekani isiyoweza kuipanga muhula ujao.